Seti ya kupima upumuaji wa mitokondria: dawa safi, maelekezo ya hovyo

"Seli za saratani hazitumii mitokondria, kwa hiyo matokeo yenu ni ya kawaida." Hivyo ndivyo huduma kwa wateja walivyotujibu tulipouliza kwa nini HeLa (seli za saratani zinazokuzwa maabara), zikiwekewa FCCP, dawa inayopaswa kupandisha upumuaji, zinatumia oksijeni kidogo kuliko zilipokuwa zimetulia. Miezi imepita na bado jibu hilo linanichemsha. Hawa ndio wanaouza seti ya kupimia mitokondria! Mwanabiokemia Otto Warburg aliandika mwaka 1956 kwamba upumuaji wa seli za saratani umeharibika, nao wamegota hapo hapo. HeLa hugeuza glukosi nyingi kuwa laktati, sawa, lakini tangu 1979 inajulikana kwamba sehemu kubwa ya nishati yake hutokana na glutamini (asidi amino), na hiyo huchomwa ndani ya mitokondria.

Kosa liko kwenye karatasi yao ya maelekezo: FCCP mikromola 2 kwa seli zote. FCCP huvusha protoni kwenye utando wa ndani bila kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP (sarafu ya nishati ya seli), ndiyo maana mnyororo wa elektroni, ule unaotumia oksijeni, hukimbia kwa nguvu zake zote. Dozi ikizidi, tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando huporomoka, piruvati (zao la glukosi) inayoingia pamoja na protoni hukwama nje, na upumuaji huanguka. Grafu inaonyesha mitokondria mbovu, kumbe dozi ndiyo imezilemaza.

Panda seli 20,000 kila kisima cha sahani, kisha jaribu FCCP mikromola 0.125, 0.25, 0.5, 1 na 2. Kwetu kilele kilikuwa 0.5, kwenye 2 mstari ulishuka chini ya ulipoanzia. Usiweke seramu, maana albumini yake hunasa FCCP. Kwenye midia (maji ya kulishia seli) yenye glukosi milimola 10 ongeza piruvati milimola 1 na glutamini milimola 2. Karatasi inataja glukosi tu, na kwa HeLa huko ni kuzinyima chakula. Tenga pia visima visivyo na oligomisini, dawa inayozima kimeng'enya cha ATP, kwa sababu kwenye baadhi ya seli za uvimbe ikitangulia FCCP hushusha kilele.

Kusema haki, dawa zenyewe ni nzuri sana. Oligomisini mikromola 1.5 inafanya kazi mara moja, na rotenoni na antimisini A, 0.5 kila moja, zinazima mnyororo wote. Nilikusudia kuwapa nyota 4. Ila unga wa FCCP ni kidogo mno na umeganda kwenye kifuniko. Usipopiga sentrifuji kabla ya kuweka DMSO (kiyeyushi), hujui umeyeyusha kiasi gani. Nalo hilo karatasi haisemi.

Mwanafunzi wa uzamili mwenye fedha za seti moja tu atafuata maelekezo hayo, ataandika kwenye tasnifu kwamba uvimbe hauna mitokondria hai, na akiwauliza watamwambia yuko sahihi. Nyota 2, na zote ni za dawa. Huduma kwa wateja sifuri.