Wakala wa mota na inveta Dar es Salaam: vya dukani safi, vya kuagiza tahadhari

Wakala ninayemtathmini, ambaye sitamtaja jina, yuko Barabara ya Nyerere na huuza mota za umeme, giaboksi, beringi na inveta (vifaa vya kurekebisha kasi ya mota) kwa viwanda vidogo na vya kati. Kiwanda chetu cha kusaga mahindi kimenunua kwake kwa miaka kadhaa.

Kwa bidhaa zilizopo rafuni sina malalamiko. Mota yetu ya kilowati 15 ilipoungua, hakuwa na ya kampuni ileile, lakini alitupatia nyingine ya fremu 160L (kipimo cha umbo la mota), yenye shafti ya milimita 42 na matundu ya miguu yaleyale, na fundi akaifunga bila kuchomelea chochote. Vipimo vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, humsaidia sana mnunuzi wakati wa uhaba, kwa kuwa mota ya Italia na ya India zenye fremu moja hukaa juu ya kitako kimoja. Muuzaji alitueleza hayo mwenyewe, ingawa angeweza kutuuzia iliyo ghali zaidi.

Inveta ni habari nyingine, kwani haina ulinganifu wa namna hiyo, na ndani yake mna chipu. Kati ya 2020 na 2022, uhaba wa chipu, uliozidishwa na moto uliozuka Machi 2021 katika kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani, ulichelewesha mitambo ya kila aina. Tulipoagiza inveta ya Ujerumani mwanzoni mwa 2024, kikwazo kilikuwa njia: tangu mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli yaanze Novemba 2023, kampuni nyingi za meli zilikuwa zimeiacha Bahari ya Shamu na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema. Habari hizo zilikuwa kila mahali, lakini profoma yetu (ankara ya awali ya kuagizia) iliandikwa wiki sita hadi nane, kama kawaida, na malipo ya awali yakadaiwa kwa dola wakati dola zenyewe zilikuwa za kutafuta. Mzigo ulipita sana muda huo. Tuliendesha kilishio cha mahindi kwa staa-delta, njia ya kuwashia mota tu, bila uwezo wa kurekebisha kasi, na unga ukatoka na chenga ambazo wateja waliziona mara moja.

Simlaumu wakala kwa vita vya wengine. Ninachomlaumu ni kutotueleza kwamba mzigo wa Uchina huvuka Bahari ya Hindi bila kupita Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez, ili tupime wenyewe kama chapa ya Ujerumani ilistahili kusubiriwa. Nauli za makontena zilipanda huko pia, lakini kwa kiwanda kinachosimama nauli si gharama kubwa kuliko zote. Tena dhamana ya miezi 12 ilihesabiwa tangu tarehe ya ankara, kwa hiyo sehemu yake iliisha inveta ikiwa bado melini. Tulipoandika barua alikubali ianze siku ya kufungwa, na hilo nalihesabu upande wake.

Anayenunua kilichopo dukani aende bila wasiwasi. Anayeagiza adai profoma itaje bandari ya kupakilia, njia ya meli, mwanzo wa dhamana, na kiasi cha fedha kitakachorudishwa tarehe ikipita. Profoma ya mwisho aliyotuletea wakala huyu, ya giaboksi, haina hata kimoja kati ya hivyo, nasi bado hatujaisaini.