Waya ER70S-6 kwa kuchapa vipuri: uzoefu wangu baada ya roli tatu

ER70S-6 ni waya wa kuchomelea chuma laini; mimi najengea vipuri kwa kupandisha weldi tabaka juu ya tabaka. Waya wa milimita 1.2, roli ya kilo 15, kwenye MIG (mashine ya weldi inayosukuma waya na gesi) iliyofungwa juu ya meza ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), karakana ya Gerezani, Dar es Salaam. Kwa vipuri vya chuma laini unatosha, ila nusu ya nguvu unaitengeneza mwenyewe kwa kusubiri.

Mipangilio yangu: volti 19.5, waya mita 5 kwa dakika, tochi sentimita 45 kwa dakika, gesi ya agoni 80 kwa kaboni dioksaidi 20. Tabaka hutoka na kimo cha milimita 2 hivi, upana 6, na roli huisha kwa saa tano na nusu za kuwaka. Acha joto lishuke chini ya nyuzi 200 kabla ya kupandisha tabaka jingine. Ukikimbiza, kingo humwagika na chembe za feraiti (fuwele laini zinazounda chuma hiki) hunenepa. Chuma cha chembe nene huanza kuvutika kwa mzigo mdogo.

Nilikata kipande, nikakisugua hadi msasa 1200, nikakipaka asidi ya naitriki asilimia 2 kwenye spiriti ili chembe zionekane, kisha nikakitazama kwa hadubini. Chini, penye bamba baridi, chembe ni kama sindano, maana joto lilinyonywa haraka. Katikati ni feraiti ya duara na pealaiti kidogo (feraiti iliyopangana na kabaidi ngumu ya chuma), kwa kuwa kila tabaka jipya hulipasha lililo chini yake. Tabaka la juu kabisa halikupashwa tena, ni gumu kidogo, likerezwe. Ile nguvu ya MPa 480 (megapaskali, kipimo cha mvuto unaokata chuma) ya kwenye cheti cha waya ni ya jaribio la weldi, si ya kipuri chako.

Kero kubwa ni vitundu vya gesi ndani ya weldi. Waya ulioachwa wazi usiku kucha kwa unyevu wetu hushika kutu, na kutu huleta haidrojeni. Rudisha roli kwenye mfuko wake. Zima pangaboi (najua, joto!), linapeperusha gesi. Vidoa vya kioo vya kahawia ni silikoni iliyoungua: piga brashi kila tabaka. Kasoro hizo hulala kati ya matabaka, hivyo kipuri kikivutwa wima hukatika bila kurefuka sana. Panga mzigo ufuate tabaka.

Gia usijaribu. Kaboni haizidi 0.15%, hata ukichovya kipuri majini kikiwa chekundu hakipati ugumu wa maana. Nyota nne.