Nilibandua rangi ya gitaa, kumbe dawa ilikuwa bisibisi

Napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Mwaka jana nilinunua gitaa la umeme la mtumba, umbo la Stratocaster, lile gitaa maarufu la Fender lenye pembe mbili, kichwani halina jina. Lilikuwa na ugonjwa mmoja: ukishika uzi mnene kuliko wote kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vichuma vilivyolala kukatiza shingo), zinatoka sauti mbili zinazogombana, kama redio iliyokwama katikati ya stesheni. Nilityuni mpaka vidole vikauma.

Aliyeniuzia akasema mbao haipumui, rangi imeibana. Nikaamini. Nikampa fundi samani 80,000 aibandue. Ilikuwa rangi ya poliesta, ngumu kama kioo. Ilipopata moto ikabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Chini yake nikakuta mbao tano zilizogundishwa, moja ina kifundo. Tukapaka vanishi nyepesi.

Bahati nzuri nilikuwa nimerekodi kabla, nikarekodi tena baada: wimbo uleule, amplifaya ileile, nyuzi mpya za aina ileile. Nikawasikilizisha wenzangu. Mpiga besi wetu alijiamini kweli kuchagua ile "iliyofunguka", na ndiyo ilikuwa ya kabla. Zile sauti mbili bado zilikuwepo.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza magitaa. Hata shikamoo yangu hajaimaliza kuiitikia, ameshakandamiza uzi mnene kwenye freti ya mwisho na kuchungulia chini yake. "Mwanangu, hizi pikapu nani kazipandisha hivi?" Pikapu ni vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, na nafasi kati ya uzi na pikapu haikufika milimita moja. Akanieleza kuwa ndani ya pikapu mna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Kinachosikika ni chuma cha uzi kikitikisika. Sumaku ikisogea mno inauvuta uzi, nao hauchezi sawasawa. Akazishusha kwa bisibisi mpaka milimita 2 upande wa nyuzi nene na 1.6 upande wa nyembamba. Hazikupita dakika tano. Sauti ya pili ikafa palepale, na zile noti za juu zikawa zinaning'inia hewani.

Akatoa na kile kipande cha plastiki kinachoshika nyuzi karibu na kichwa, akachonga kingine cha mfupa wa ng'ombe, mifereji yake ikiwa imeshuka kidogo. Kodi ya F, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ambayo siku zote ilitoka imepanda, ikatulia. Kisha akasogeza vile vichuma vya daraja vinavyobeba nyuzi upande wa mwilini, uzi mmoja mmoja, mpaka freti ya 12 ikakubaliana na tyuna, kile kipimo cha noti.

Sasa aibu yangu. Wakati wa kubandua nilikuwa nimesugua na shingo msasa, nikaiacha tupu ili mkono uteleze. Kweli unateleza. Lakini masika yalipoingia, shingo ikanywa unyevu wa Dar na kupinda, nyuzi zikapanda juu kama kamba za kuanikia nguo. Mzee alikaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, akapima upindo kwa fila geji, ile ya mafundi pikipiki, mpaka ikabaki milimita 0.25. Halafu akanirudisha kupaka vanishi. Kumbe rangi kazi yake nyingi ni hiyo, kuzuia maji.

Sisemi mbao haina lolote. Rafiki yangu analo lenye mwili wa mninga. Ukilipiga bila umeme linavuma mpaka kifuani. Ukichomeka waya, tofauti na langu naitafuta kwa tochi, ila uzito wake hauhitaji kutafutwa: seti mbili tu, bega linalia.

Mzee alinitoza 45,000 pamoja na mfupa. Kazi yake naipa nyota tano, kasoro foleni: nilisubiri wiki mbili. Zile 80,000 sizidai. Gitaa limebaki rangi ya mbao na kifundo chake, na mwimbaji wetu sasa analiita kigoda.