Taa ya REV kwenye Subaru STI: ikiwaka ubadilishe gia, au usubiri?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nimekaa ndani ya Subaru Impreza WRX STI, ile ya mwanzo ya namba ya bodi GDB iliyotoka Japani mwaka 2000, gia sita za klachi. Rangi na rimu mtajionea wenyewe. Mimi nataka tuongee kitu kimoja kidogo hapa kwenye dashibodi, hii taa ya REV. Unaipangia mizunguko ya injini kwa dakika unayotaka, injini ikifika hapo taa inawaka na kengele inalia. Kazi yake ni kukuambia: haya, ingiza gia nyingine.

Sasa uipange wapi? Ukiuliza vijiweni utapata watu wa aina mbili. Wa kwanza atakwambia vuta mpaka mstari mwekundu, 8,000, mengine hadithi. Wa pili amesoma kabrasha la gari. Atakwambia nguvu ya juu kabisa ya injini hii, farasi 280, iko kwenye 6,400, kwa hiyo badilisha hapo hapo, ukizidi unaumiza injini bure. Huyu anaongea kisomi. Lakini ndiye aliyekosea zaidi, na nitamwonyesha kwa namba za kabrasha lake mwenyewe.

Twende taratibu. Kinachosukuma gari ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, unaofika kwenye magurudumu, na huo unaupata kwa kuzidisha msokoto wa injini na uwiano wa gia uliyomo, halafu na wa difu, ambao ni ule ule kwa gia zote, kwa hiyo tuuache. Injini hii ikiwa kwenye 6,400 inatoa kama Nm 307 (Nm ni kipimo cha msokoto). Gia ya pili uwiano wake ni 2.375. Zidisha, unapata 729. Ukiingiza ya tatu, uwiano ni 1.761, mshale wa mizunguko unashuka hadi kama 4,750. Tumpendelee huyu bwana, tuseme pale chini injini inampa msokoto wake wa juu kabisa, Nm 373. Zidisha: 657. Umeona? Umeacha 729 ukafuata 657. Mwenzako aliyebaki kwenye gia ya pili anakupita huku wewe unaisifia klachi yako.

Kwa hiyo gia ya pili inalipa mpaka msokoto wa injini ushuke kwenye Nm 277 hivi, yaani 657 gawanya kwa 2.375. Pale ndipo gia mbili zinakuwa sawa, na pale ndipo mkono uende. Sasa sikiliza, hapa ndipo patamu. Fanya hesabu hiyo hiyo kutoka ya kwanza kwenda ya pili: lazima msokoto ushuke mpaka 244. Kutoka ya tatu kwenda ya nne: 285 tu inatosha. Maana yake gia ya kwanza unaivuta karibu na mwisho kabisa, na kadiri unavyopanda unabadilisha mapema kidogo, kwa sababu gia za juu zimekaribiana.

Taa hii inajua namba moja tu. Gia zote, namba moja. Hilo ndilo lalamiko langu, na nilikuja hapa nimejiandaa kuiponda.

Halafu nikakumbuka binadamu ana ubongo. Taa ikiwaka, mpaka mguu uguse klachi, robo ya sekunde imekwenda, kama uko macho. Kwenye gia ya kwanza, kwa hesabu ya harakaharaka, mshale wa gari hili unapanda zaidi ya mizunguko 2,000 kwa sekunde. Kwenye ya tatu ni kama 600. Ukiipanga taa kwenye 7,000, gia ya kwanza utaiacha ukiwa 7,500 na ushee, ya tatu utaiacha kama 7,150. Yaani uzito wako wa kuitikia unarekebisha kasoro ya taa! Ukiipanga 8,000, gia ya kwanza injini inakukatia mafuta kabla hujanyanyua mguu, gari linagoma, unatupwa mbele kama abiria wa daladala.

Hiyo 7,000 ni ya kuanzia, na ni kwa injini ambayo haijaguswa. Kama fundi ameshaongeza presha ya turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, nenda kapimwe kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, chukua karatasi yenye mchoro wa msokoto, utafute zile 244, 277 na 285 upya kwa namba zako. Turbo ndogo huishiwa pumzi juu, na hapo kuvuta sana ni kelele tu.

Wenye Honda S2000 najua mnasubiri. Yenu ni ngoma nyingine. AP1, yaani S2000 ya mwanzo, haina turbo, farasi 250 ziko juu kwenye 8,300, na VTEC, mfumo wa Honda unaofungua valvu zaidi kwenye mizunguko ya juu, inaamka karibu na 5,850. Ukivuta ya kwanza mpaka 9,000, ya pili inakupokea kwenye 5,875. Honda walipiga hesabu hiyo kwa makusudi, mimi siamini ni bahati. Ukibadilisha 8,000 unaangukia 5,200, VTEC imelala, unaanza kuibembeleza. Kwenu nyie yule wa kijiweni wa kwanza yuko sahihi.

Mtu wa Nairobi ataniuliza habari za mwinuko. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu huko juu, kweli, lakini inapoteza kwenye mizunguko yote karibu kwa kiwango kile kile, kwa hiyo pa kubadilishia gia hapahami. Mwenye turbo ndiye aangalie, turbo inahangaika zaidi kule juu.

Na hii ni ya uwanja uliofungwa. Sitaki kuona video zenu za Thika Road.

Taa nimeshaipanga 7,000. Nageuza kamera iangalie geji. Gia ya kwanza, hesabuni wenyewe kengele ikilia mshale unaishia wapi.