Bia mpya za krafti zilizonikosha mwaka huu, nyumbani na safarini

Mwaka huu nimeonja bia mpya nyingi za krafti, yani zile zinazotengenezwa kwa ufundi zaidi kuliko kwa wingi, kuliko mwaka wowote, nyingine nimezinywa nyumbani nimekaa zangu kwenye kochi, nyingine nimezifuata mpaka zinakotengenezwa, na kila moja nilikuwa naandika kwenye simu hapohapo kabla ladha haijatoka mdomoni. Nikisema mpya namaanisha mpya kwangu, maana baadhi ya hawa watengenezaji kazi wameianza zamani sana. Nyingi zilikuwa nzuri tu za kawaida, sizitaji, naongelea zile ambazo nimezirudia.

Naanza na ya moshi. Inaitwa Aecht Schlenkerla Rauchbier Märzen, asilimia 5.1, inatoka Bamberg kule Bavaria, Ujerumani, na nyumba ya hiyo baa yao imetajwa kwenye maandishi toka 1405. Inakuja imekolea rangi, nyeusi yenye wekundu ukiiinua kwenye mwanga, povu zito, na ukisogeza pua tu unapokelewa na moshi wa kuni, yani kama umekaa jikoni pembeni ya mafiga na nguo zote zimeshika harufu. Siri yote iko kwenye kimea. Shayiri ikishachipua inakaushwa juu ya moto wa kuni za mti wanaouita Buche, moshi unapanda unapita katikati ya nafaka na unabaki humo mpaka kwenye glasi yako. Zamani kabla hawajajua kukausha kimea bila moshi kukigusa, bia kibao zilikuwa na ladha ya moshi hivi, wengi walipopata majiko mapya wakaachana nayo, hawa wa Bamberg wakaendelea. Glasi ya kwanza sikuielewa kabisa, nilikuwa nahisi natafuna nyama ya kukaushwa, ya pili moshi ukaanza kurudi nyuma na utamu wa kimea ukajitokeza, ya tatu nikawa sitaki kitu kingine mezani. Wenyewe wanakwambia usiihukumu kwa glasi ya kwanza na mi nawaunga mkono kwa moyo wote, ukiishia nusu glasi hujainywa hiyo bia.

Alafu Brussels, Ubelgiji. Hapa niseme wazi tu, Gueuze ya Cantillon ndo bia bora niliyokunywa mwaka huu na sioni itakayoitoa hapo. Ni kiwanda cha familia toka 1900, kiko Anderlecht, unaingia unapita mwenyewe katikati ya mitambo na mapipa, kimekuwa makumbusho toka 1978 lakini kazi inaendelea kila msimu. Kitu kilichonishika ni kwamba hawaweki hamira. Wanachemsha maji ya kimea cha shayiri na ngano, wanayapandisha darini kwenye beseni kubwa la shaba lisilo na kina, wanayaacha usiku kucha yapoe, na vijidudu vya hewani vinaingia vyenyewe na kuanza kuchachusha. Ndo maana wanapika miezi ya baridi tu, joto likipanda vijidudu vibaya vinazidi nguvu. Hopsi, yani yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, wanazotumia ni za siku nyingi zilizopoteza uchungu, kazi yake hapo ni kuilinda bia isiharibike na sio kuipa ukali. Baada ya hapo inalala kwenye mapipa ya mbao, na Gueuze yenyewe ni mchanganyiko wa ya mwaka 1, miaka 2 na miaka 3, ile changa inabeba sukari kidogo inayoendelea kuchachuka ndani ya chupa na kutengeneza gesi, ile kongwe inaleta busara yake. Mdomoni inachacha haswa, limau, ganda la zabibu, mbao zenye unyevunyevu, na mwisho inakauka mpaka unatamani tena. Niliyesafiri naye alikunja uso akanisogezea glasi yake, nikazimaliza zote mbili. Mtu aliyezoea bia tamu inaweza kumpiga chenga mara ya kwanza, aanze na funda dogo na asiinywe ya baridi kali.

Hapo kwenye baridi nisimame kidogo. Wengi tunazitoa hizi bia kwenye friji zikiwa barafu tupu na tunazinywea kwenye chupa, alafu tunasema hazina tofauti na nyingine. Baridi inaua harufu, na kwenye hizi bia nusu ya raha iko puani. Mi siku hizi natoa chupa nasubiri kama robo saa, namimina kwenye glasi yenye tumbo, naacha povu litulie. Bia ileile inakuwa nyingine kabisa, jaribu uone.

Nyumbani iliyonikaa ni Sierra Nevada Pale Ale, ya Chico, California, asilimia 5.6. Ukiiangalia haina maajabu, hakuna tunda lililotumbukizwa humo wala jina la ajabuajabu, lakini hopsi zake za Cascade zinanukia balungi na ganda la chungwa na maua, na kimea kinazibeba vizuri bila kuzama. Kiwanda kilianza 1980 na hii bia ndo iliwafundisha Wamarekani wengi kwamba bia inaweza kuwa na uchungu wenye harufu nzuri. Niliinywa mfululizo wiki nzima na sikuichoka, na kwangu hicho ndo kipimo kikubwa kuliko bia inayokushangaza mara moja tu.

Ila kuna IPA moja, yani India Pale Ale, bia ya hopsi nyingi, kampuni siitaji, niliifuata kwa hamu zote maana kopo lilikuwa limepambwa vizuri mno, nikafungua nikakutana na harufu ya boksi lililolowa mvua. Kugeuza kopo kuangalia tarehe nakuta limeshakaa zaidi ya mwaka. Iliniuma kwakweli, maana aliyeitengeneza alihangaika nayo alafu ikaachwa rafuni kwenye joto mpaka ikafa. Bia za hopsi nyingi hazisubiri, harufu yake inaondoka kila wiki inayopita na joto linaikimbiza zaidi, na kama iko kwenye chupa ya kijani au isiyo na rangi ikapigwa na mwanga inaanza kunuka vibaya kabisa, hopsi zenyewe zinabadilika. Kabla hujalipa geuza kopo usome tarehe.

Ya ngano nimependa Weihenstephaner Hefeweissbier, asilimia 5.4, inanukia ndizi mbivu na karafuu na wala hamna ndizi wala karafuu humo, ni hamira tu inafanya hiyo kazi. Ukibakiza kidogo chini ya chupa izungushe ndo umalizie kumimina, ile hamira iliyotuama chini ndo yenye utamu. Stauti, zile bia nyeusi, nilizoonja za kuwekewa keki na chokoleti zimenishinda, tamu mno, glasi ndogo tu inatosha mwezi.

Na Orval. Hii inatengenezwa ndani ya abasia ya watawa kusini mwa Ubelgiji, asilimia 6.2, chupa yake imechongoka kwa namna yake na ina picha ya samaki ameshika pete mdomoni, wanasimulia kuwa Matilda, mtawala wa zamani wa Toscana kule Italia, aliangusha pete yake kwenye chemchemi pale na samaki akamrudishia. Wanaongeza hopsi mwishoni na hamira ya mwituni, Brettanomyces, ambayo inaendelea kufanya kazi ndani ya chupa miezi na miezi. Kwahiyo ukiinywa changa inakupa hopsi na chungwa, ukiiweka inazidi kukauka na kunukia ngozi na majani makavu. Nilinunua chupa nne za tarehe moja. Ya kwanza nimeinywa changa, nikaipenda, ya pili nimeifungua baada ya miezi sita na ungenifumba macho nisingekubali kuwa ni bia ileile. Mbili zilizobaki nimezisimamisha kabatini gizani, moja naifungua ikitimiza mwaka na ile nyingine sijaamua, labda miaka miwili nikiweza kuvumilia.