Mfuko wa gololi kumi: chukua mfuko, kijitabu kiache

Duka moja la vifaa vya shule hapa Lamu, ukifuata Usita wa Mui, linauza mfuko wa kufundishia uwezekano kwa kidato cha tatu: gololi 6 nyekundu, 4 za buluu, mfuko wa kitambaa cha marekani wenye kamba, na kijitabu chembamba.

Kwa kuchota gololi mbili, moja baada ya nyingine, bila kurudisha, mfuko unashinda ubao. Gololi nyekundu ikishatoka na kulala mezani, zilizobaki zinahesabika kwa kidole: 9, nyekundu zikiwa 5. Basi hesabu ya nyekundu mbili, 6/10 × 5/9 = 30/90, haina haja ya kukaririwa, na anayeandika 6/10 × 6/9 anajiona mwenyewe alipokosea. Kosa gumu zaidi ni la pili. Mwanafunzi akishazoea kupunguza, hupunguza kila kitu. Ikitoka ya buluu kwanza, asili (namba ya chini ya sehemu) inashuka hadi 9 lakini nyekundu bado ni 6, kwa hiyo 4/10 × 6/9. Mchezeshe hapo mpaka aache kukisia.

Kijitabu ndicho kinachoharibu. Kinarahisisha kila jibu mapema: nyekundu mbili 1/3, nyekundu-buluu 4/15, buluu-nyekundu 4/15, buluu mbili 2/15. Ni sahihi, ila nani ataona haraka kwamba jumla yake ni 1? Yaache 30/90, 24/90, 24/90 na 12/90. Yasipofika 90/90, kuna tawi la mchoro wa mti, unaoonyesha matokeo yote, limesahauliwa. Swali la “moja ya kila rangi” limejibiwa 24/90, na hilo ni kosa tupu: kuna nyekundu-buluu na buluu-nyekundu, jibu ni 48/90.

Gololi nazo zina kasoro: za buluu ni nono kidogo, na kidole kinazitambua. Hesabu yote inasimama juu ya kila gololi kuwa na nafasi sawa, kwa hiyo hapo 4/10 si kweli tena. Komwe za bao zinafaa zaidi. Teua kumi zinazolingana, uzipake rangi ya kucha, 6 nyekundu na 4 za buluu. Usipake nne tu ukaacha sita kavu, maana utelezi wa rangi utamwambia mchotaji anachoshika.

Kijitabu kinataka mizunguko 10. Ni michache mno. Nyekundu mbili zinaweza kutokea mara 1 au mara 5 bila ajabu. Fanya 30, utarajie karibu na 10. Hata 7 au 13 si kasoro ya mfuko. Gololi zote mbili zirudi baada ya mzunguko kwisha, kisha tikisa. Ya kwanza ikirudi kabla ya kuchota ya pili, umehamia hesabu nyingine, 36/100.

Marekani yake nzito haionyeshi rangi hata juani, na mkono wa mtu mzima unaingia. Ukiomba mfuko mtupu, wanakuuzia.