Nimeukokota siku tatu: mkokoteni wa magurudumu mawili, Kirumba

Mwangaluka wadau! Leo sina simu wala spika, nimekuja na mkokoteni. Tupo Kirumba, hapa Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, na hizo kelele ni za dagaa wanaoshushwa.

Bodi ni mbao, fremu ya chuma, ekseli imetolewa kwenye gari bovu. Fundi aliniuliza: magurudumu mawili au manne? Nikasema mawili. Manne yanabeba vizuri, lakini ekseli ya mbele isipogeuka, kona ya sokoni hukati. Na manne si mapya: huko Bronocice, Poland, kilifukuliwa chungu cha miaka kama 5,500 kilichochorwa gari la magurudumu manne. Hata hili neno "gari" asili yake ni India, na lilikuwepo kabla ya injini, likiitwa chombo cha kukokotwa na ng'ombe.

Kwa mawili, kazi yote ipo kwenye kupanga mzigo. Gunia zikizidi nyuma ya ekseli, vishikio vinapaa na wewe unaning'inia. Juzi nimening'inia hapa hapa, kina mama wa dagaa wakacheka mpaka wakakaa chini. Uzito uelemee mbele kidogo tu, uusikie mikononi.

Breki je? Oneni hiki kipande cha tairi nyuma. Kwenye mteremko unainua vishikio, nyuma inashuka, tairi linasugua lami. Miteremko midogo inatosha. Kushuka Bugando na mzigo kamili? Mimi sishuki, labda mwenzangu awe ameshika kamba kwa nyuma.

Sasa lawama. Beringi! Siku ya pili zimeanza kulia. Kabla hujalipa, inua upande mmoja, zungusha gurudumu, tega sikio.

Nyie wa Kwimba na Misungwi wenye maksai, huu msichukue. Mwambieni fundi aweke mti mmoja katikati, nira ikae pale, ng'ombe mmoja kila upande. Na mwenye shehena kubwa aende Bandari ya Kusini, kule mabehewa ya treni yanaingizwa ndani ya meli ya MV Umoja na kuvuka ziwa hadi Port Bell, Uganda, bila gunia kushushwa. Behewa nalo si mkokoteni tu uliopata reli?

Bei sitaji, fundi ananitazama hapo nyuma. Na aliyeuliza tairi la akiba: halimo, ndugu yangu, beba pampu.